Msumari wa Nne wa Marigold Lane

Wiki niliyostaafu, vijana watatu niliowafundisha kazi ya kuvisha farasi viatu waliniletea keki yenye umbo la kwato, wakaniomba niwaandikie kumbukumbu. Niliwaambia sina la kuandika. Nikala keki. Sasa nimekaa jikoni hapa Edmonton, kaskazini mwa London, na kalamu mkononi, kwa sababu mgongo umekataa kulima bustani na mke wangu amechoka kuniona nikizungukazunguka nyumbani. Msitarajie habari za vyeo. Kazi yetu haina vyeo. Kuna anayeshika mguu na kuna anayegonga msumari, na ukizeeka unarudi kuwa wa kushika mguu.

Nilikuja London nikiwa na miaka ishirini na saba. Kwetu Molo nilikuwa saisi kwenye shamba la farasi, yaani nilijua kuwalisha, kuwasugua na kuwatembeza, basi. Hapa nilipata kazi ya kuosha sufuria katika mkahawa mmoja wa Southall. Siku hizo Southall ilikuwa na soko la farasi, hatua chache tu kutoka kwenye maduka ya sari na jalebi. Nikiwaambia watu leo wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Nilipita hapo siku yangu ya mapumziko, nikamsikia mtu aliyeinama chini ya farasi mwekundu akimtukana kwa Kiswahili. Nilikuwa sijasikia Kiswahili kwa miezi mitano. Nikasimama.

Alipoinuka nikaona kilemba cha buluu, ndevu za mvi na aproni ya ngozi iliyotobolewa na cheche.

"Toka wapi wewe?" akaniuliza.

"Molo, Mzee."

"Molo iko nyasi mzuri. Sasa acha simama kama nguzo. Shika hii kichwa."

Nilikishika kichwa cha yule farasi, na Jumatatu iliyofuata mkahawa ulilazimika kutafuta mwosha sufuria mwingine.

Huyo ndiye Jaswant, fundi aliyenifundisha kila ninachokijua. Alizaliwa Nairobi, mtoto wa fundi wa viatu vya farasi, akaja London akiwa kijana na nyundo ya baba yake ndani ya sanduku. Kiswahili chake kilikuwa cha maduka ya River Road ya Nairobi, ambacho kila kitu duniani ni "hii". Waingereza wote walimwita Jas. Mimi sikuweza. Nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza, ingawa wakati huo hakuwa amefika hata miaka hamsini na tano, na sasa mimi nimempita umri huo kwa mbali na nyinyi mnaniita kwa jina langu la kwanza. Nimezoea.

Siku yangu ya kwanza ya kazi sikupewa nyundo. Nilipewa ndoo. Niliifudikiza, nikaikalia, nikageuzia mgongo sakafu ya saruji ambapo farasi walikuwa wakitembezwa, na kazi yangu ikawa kusikiliza. Farasi akienda mchakamchaka, miguu yake hugonga mapigo mawili, na kama yote ni mizima mapigo hayo yako sawa kabisa. Akiwa na mguu unaouma, anaukwepa, hivyo pigo moja linakuwa jepesi na la pili linabeba mzigo wake. Mzee alinitaka niutaje mguu bila kugeuka. Nikikosea, nachemsha chai. Nilichemsha chai nyingi sana mwaka huo.

Nilimuuliza kwa nini nisiangalie tu, macho ninayo.

"Macho nadanganya," akasema. "Wewe nataka farasi iwe mzima, macho naona mzima. Sikio haina haja na wewe."

Kusikiliza huko kulihusu misumari pia. Nyinyi mnajua, lakini naandika kwa wale watakaokuja baada yenu. Msumari unaopita kwenye ukuta mgumu wa kwato huimba, na sauti yake inapanda kadiri unavyogonga. Ukianza kusogelea nyama, sauti inazimika, kama umegonga unga. Mzee alikuwa na amri moja juu ya hilo: msumari ukiutilia shaka, ung'oe. Usingoje farasi alalamike, maana wengine wana adabu kuliko sisi.

Tulifanya kazi kila mahali London palipo na farasi, na ni mahali pengi kuliko mnavyofikiri. Kulikuwa na shule ya kupanda farasi chini ya daraja la barabara kuu, ambapo ilibidi tupige kelele ili kusikizana. Kulikuwa na farasi weupe wa kubeba mabwana harusi wa Kihindi wa Southall, wanyama watulivu sana, maana farasi aliyezoea ngoma zile hashtuliwi na kitu. Na kulikuwa na punda wa kanisa moja la Peckham, aliyekodishwa kwa Jumapili ya Matawi. Kwa miaka yangu yote katikati ya farasi wa thamani, wenye hasira na damu ya kifalme, mfupa pekee niliovunjika nilivunjwa na yule punda.

Lakini kazi aliyoipenda Mzee ilikuwa ya farasi wa mbio. Tulikuwa na mteja mmoja vilimani kusini mwa London, mkufunzi aitwaye Tessa, mwanamke mrefu asiyevaa kofia hata mvua ikinyesha. Kwake ndiko nilikojifunza kuvisha viatu vyepesi vya alumini, vile vinavyovaliwa kwa mbio. Ukikishika mkononi unadhani ni cha mchezo.

Saa ya chai kwa Tessa kulikuwa na desturi. Wote, kuanzia masaisi hadi waendesha malori, walikaa juu ya marobota ya nyasi na mtu mmoja angeuliza: ukipewa siku moja, farasi gani ungerudi nyuma ukamwone akikimbia? Hakuna siku waliyochoka. Mmoja angemtaka Arkle wa Ireland, ambaye ilibidi wabadilishe kanuni za uzito wanaobebeshwa farasi kwa sababu yake. Mwingine angemtaka Secretariat wa Marekani, awe amesimama pale pale kwenye kamba ya kando ya njia ya mbio siku aliyowaacha wenzake mbali hadi wakaonekana kama wako kwenye mbio nyingine. Watu wazima, wenye matope hadi magotini, walikuwa wanazungumza kwa sauti ya mtu anayemkumbuka mchumba wa zamani, na wengi wao walikuwa hawajazaliwa farasi hao walipokimbia.

Mzee alipoulizwa, jibu lake lilikuwa moja tu. "Mimi sitaki ya zamani. Nataka moja iko hai."

Ilinichukua miaka kuelewa. Baba yake alivisha viatu farasi wa mbio wa Nairobi enzi za wakoloni, na siku ya mbio mafundi Wahindi hawakuruhusiwa kusogea uwanjani. Walibaki mabandani na watoto wao. Mzee aliniambia alijua mbio zote kwa kelele: kwanza kimya, kisha kwato, kisha watu. Baadaye farasi alirudi akiwa ameloa jasho, na baba yake akampa mtoto mguu ashike. Akaja Uingereza, ambako hakuna aliyemkataza kuingia, akakuta siku ya mbio ni siku ya kazi. Unamvisha farasi viatu, farasi anapakiwa kwenye lori, nawe unaelekea zizi linalofuata. Kwa zaidi ya miaka arobaini alivisha viatu farasi walioshinda, na hakuwahi kumwona hata mmoja mkubwa akipita mbele yake.

Kisha akaja Marigold Lane.

Nyinyi mmeona video zake, sina haja ya kueleza sana. Alikuwa jike wa kahawia, mdogo, kichwa chembamba kisicho na nyama, na alipofika kwa Tessa hakuna aliyemtazama mara mbili isipokuwa Mzee. Aliinua mguu wake wa mbele wa kushoto, akaugeuza, akaushusha. "Hii ukuta nyembamba," akasema. "Lakini hii farasi, Njoroge, hii iko kitu." Miaka mitatu baadaye watu wazima walikuwa wanavaa skafu za manjano kwa ajili yake, na kwenye treni niliwasikia wageni wakibishana juu ya mbio zake.

Hatukumwona akikimbia hata mara moja. Alishindana Ufaransa, alishindana kaskazini, na kila mara sisi tulikuwa na kazi. Mara moja Mzee alikata tiketi ya treni akaishia hospitalini Jumanne ya wiki hiyo hiyo. Moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka. Alistaafu, nikabaki na gari, na kila niliporudi kutoka kwa Tessa ilibidi nipitie kwake Southall nimweleze mguu ule umeamkaje. Nilimnunulia binti yake usajili wa kituo cha televisheni cha michezo ili Mzee atazame nyumbani. Akakataa. Alisema kwenye televisheni mtangazaji anazifunika kwato kwa kelele zake. "Nataka sikia yeye napita," akaniambia. "Mara moja. Halafu basi."

Msimu huo wa kiangazi Tessa akatangaza kwamba Marigold Lane ana mbio moja tu iliyobaki, kwenye uwanja ulio karibu na London, kisha anakwenda kuzalishwa. Niliwaomba wateja wangu wengine ruhusa ya siku hiyo. Mzee hakuweza tena kutembea mbali, hivyo nilimpatia nafasi ya kiti chake cha magurudumu kwenye kamba kabisa, mita hamsini kabla ya mstari wa mwisho. Sijawahi kuhangaikia kitu hivyo, hata harusi yangu, na mke wangu alilisema hilo.

Nilimvisha farasi viatu alasiri ya siku iliyotangulia mbio. Hapa sasa nawaomba msome polepole. Nilianza na miguu ya nyuma, nikaja wa mbele wa kulia, kisha ule wa kushoto. Msumari wa kwanza ukaimba, wa pili, wa tatu. Wa nne nilipoupiga mara ya tatu, sauti ikazimika. Farasi akatikisa sikio moja. Hakuvuta mguu.

Nilisimama na nyundo hewani. Kiatu kile ni cha misumari sita, na mitano ingetosha kwa mbio moja, hilo nililijua na nyinyi mnalijua. Nilichotakiwa kufanya ni kuung'oa, tundu libaki, na maisha yaendelee. Lakini Tessa alikuwa mlangoni na mmiliki wa farasi, na kung'oa msumari kwenye mguu ule, siku ile, kungeleta maswali. Wangemwita daktari wa wanyama. Pengine wangetia shaka, pengine wangemwondoa mbioni. Akilini nilimwona Mzee kwenye kiti chake akiwa na suti, hana pa kwenda. Nikajiambia masikio yangu yamezeeka. Nikaumalizia ule msumari, nikakunja ncha, nikapiga tupa hadi pakawa laini.

Asubuhi nilimchukua Mzee Southall. Alivaa kilemba cha zambarau na suti ya harusi ya binti yake, na alinukia sabuni. Tulipitia kwa Tessa kwanza, maana alikuwa amemwalika amwone farasi kabla hajapakiwa. Nilimweka Mzee kivulini. Kabla ya kila safari Tessa hupenda farasi akimbizwe mchakamchaka kwenye saruji, kwenda na kurudi. Saisi akashika kamba, akaanza.

Nilitazama kwa macho yangu yote. Nikamwona mzima.

"Yuko sawa?" Tessa akaniuliza.

"Yuko sawa."

Akamgeukia Mzee, nadhani kwa heshima tu, maana alimjua tangu ujana wake. "Jas, unasemaje?"

Mzee alikuwa amefumba macho. "Tena," akasema.

Saisi akarudia. Zile kwato zilipita mbele yetu, hatua ishirini kwenda, ishirini kurudi. Hakuna mtu pale aliyesikia chochote. Tessa hakusikia. Saisi hakusikia. Mzee angenyamaza tu, angeenda kuketi kwenye kamba na kumsikia akipita, jambo alilolitaka tangu akiwa mtoto nyuma ya mabanda. Nilimwomba Mungu amfanye anyamaze.

Akafumbua macho. Hakumtazama farasi, alinitazama mimi.

"Kushoto mbele," akamwambia Tessa kwa Kiingereza. "Kidogo sana. Lakini ipo."

Tessa akachukua koleo langu mwenyewe akaanza kubana kwato, msumari kwa msumari. Alipofika wa nne, Marigold Lane akanyakua mguu wake. Niliung'oa kwa mkono wangu. Haukuwa na damu. Ulikuwa na unyevu na joto. Katika wiki moja angepona kabisa, na alipona, lakini mbio hazingoji wiki, na farasi anayekwenda shoti juu ya mguu unaouma anaweza kuuvunja. Tessa akaenda kupiga simu. Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia.

Niliendesha gari hadi tukatoka kwenye njia ya vumbi.

"Wewe ilisikia hii msumari?" Mzee akauliza.

"Nilisikia, Mzee."

"Halafu naacha."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilitaka umwone."

Gari lilikuwa limesimama. Nilikuwa nalia, na siyaoni makutano vizuri, na nyuma yangu mtu alikuwa akipiga honi.

"Twende," akasema.

"Nikurudishe nyumbani?"

"Nyumbani iko nini? Uwanja. Mimi navaa suti."

Tulifika wakati kipaza sauti kinatangaza kwamba Marigold Lane hatakimbia. Sijawahi kusikia sauti kama ile. Hawakuzomea. Maelfu ya watu waliguna pamoja, chini kwa chini, kisha wakaanza kuvua skafu za manjano. Wengine walikwenda zao. Mwanamke mmoja karibu na kamba, mtu mzima kama mimi, aliniambia ametoka Scotland kwa basi. Hakuwahi kumwona hata mara moja na sasa hatamwona kamwe. Akatuuliza kama sisi tumewahi.

"Leo asubuhi," Mzee akamjibu. "Hatua themanini."

"Una bahati," yule mwanamke akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Ndiyo," Mzee akasema.

Nilitaka kumwambia yule mama kwamba ni mimi. Badala yake nikainama nikakaza breki za kiti cha Mzee. Nimewafikiria watu wale kila mwaka tangu wakati huo. Wako wapi, na wakiulizwa saa ya chai farasi gani wangerudi nyuma kumwona, wanamtaja nani.

Ile ndiyo mara ya mwisho Mzee kutoka nyumbani kwake. Alifariki kabla ya Krismasi. Marigold Lane alikwenda kuzalishwa na hakukimbia tena mbele ya watu. Kwa hiyo mimi, niliyeushika mguu wake kila wiki kwa miaka mitatu, sikuwahi kumwona akikimbia, na nikitazama zile video naziona zote mpaka mwisho, halafu natamani zaidi kuliko nilipoanza. Msumari ukiutilia shaka, ung'oeni. Hiyo ndiyo kazi yote, mengine mtajifunza.

Lakini sijamaliza siku ile. Farasi saba walitoka, mbio zikaanza upande wa mbali. Niliinama ili nimwoneshe Mzee aliyeongoza, nikakuta hawatazami. Alikuwa amefumba macho na ameinua mkono wa kulia, kidole kimenyooka. Mwanzoni nilidhani anaonyesha yule wa mbele. Kisha nikaona kidole kiko mbele yake zaidi, kwenye nyasi tupu, na kinakwenda. Kilizunguka kona kabla ya wote. Kiliingia mstari ulionyooka, kikaongeza mwendo. Kilipita mbele yetu peke yake. Ndipo wale saba wakafika, ardhi ikatikisika chini ya kiti, vipande vya majani vikaturukia, wakapita.

Mzee akashusha mkono, akafumbua macho. Alikuwa anahema.

"Umeona yeye?" akaniuliza.

"Nimemwona, Mzee."

Akanitazama, na alijua kabisa kwamba sikuona kitu. Akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, ule wa nyundo.

"Viatu ilikaa vizuri," akasema.